Joginder Singh: fundi wa Kericho aliyeshinda Safari kwa gari la mtumba

Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, wamiliki wengi wa magari ya zamani katika uwanda wa Ufipa walijikuta na swali jipya. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya tope na mashimo sasa linatakiwa kwenda sambamba na mabasi na malori yanayokimbia kwenye lami. Land Rover 109 ya baba, iliyokuwa mfalme wa njia za vumbi, inapitwa na kila mtu. Mwenye gari akiuza mahindi na kubakiwa na fedha kidogo, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kubadili injini.

Fedha hiyo iende wapi kwanza ni suala la mtaji, na pia ni suala la uhai. Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mtu akitoka huko na mzigo mara nyingi hukutana na mteremko. Akienda Ziwa Rukwa kwa njia ya Ntendo na Muze anashuka ukingo wa bonde. Akienda Ziwa Tanganyika kufuata samaki wa Kasanga au Kirando anashuka tena. Gari lililoongezewa nguvu bila kuongezewa uwezo wa kusimama halimfikishi mwenyewe mbali.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mtu aliyelijibu swali hili kwa vitendo, katika barabara mbaya kuliko zote na mbele ya viwanda vikubwa vya magari duniani. Mtu huyo ni Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyekuwa wa kwanza kushinda mbio za Safari mara 3. Wengi wanamkumbuka kwa mwendo wake. Lakini kwa mkulima au mfanyabiashara mwenye gari la zamani, somo kubwa liko katika ufundi wake.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Februari 9, 1932 mjini Kericho, katika nyanda za juu za chai magharibi mwa Kenya. Wazazi wake walikuwa Masingasinga wenye asili ya Punjab, na baba yake alikuwa fundi mwenye gereji. Joginder alikulia kati ya spana, grisi na magari ya mashamba, akajifunza kazi kwa kuifanya.

Kericho na Ufipa zinafanana kwa jambo moja ambalo fundi yeyote wa nyanda za juu analijua. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inapungua uzito. Katika urefu wa Sumbawanga uzito wa hewa ni zaidi kidogo ya asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Injini ya kabureta isiyorekebishwa huvuta petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, ikatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Nayo maji ya rejeta iliyo wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Anayejifunza ufundi mahali kama hapo huzoea mapema kutofautisha injini mbovu na injini ambayo haijarekebishwa kulingana na mahali ilipo.

Kijana huyo hakuanza mbio mapema kama madereva wengi wa leo. Aliingia katika mashindano mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa ametimiza miaka 26. Kabla ya hapo alikuwa ameshatumia miaka mingi kutengeneza magari ya watu wengine. Alikuwa ameona kwa mikono yake ni kitu gani hukatika kwanza gari linapopigwa na barabara mbaya. Elimu hiyo haikuwa na cheti, lakini ndiyo iliyokuja kumtofautisha na wenzake.

Mbio zilizopima magari

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Katika miaka ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilifanyika msimu wa Pasaka, wakati ambao mvua za masika zinaweza kunyesha siku yoyote. Magari yalikwenda usiku na mchana kwa maelfu ya kilometa, katika barabara za kawaida ambazo watu, ng'ombe na malori waliendelea kuzitumia.

Kumaliza tu kulihesabiwa kuwa ushindi. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu, na mwaka 1968 hali ikawa hivyohivyo. Viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya, mafundi na vipuri, lakini mengi yaliishia kwenye tope au yalikatika miguu. Kwa sababu hiyo wenye viwanda waliiona Safari kama maabara. Gari lililoshinda hapo liliuzika, kwa kuwa mnunuzi aliamini kwamba litahimili barabara yake.

Joginder alianza mbio hizo mara 22 na kumaliza mara 19. Takwimu hiyo inaeleza mengi kuliko vikombe vyake. Mtu hamalizi mara 19 kati ya 22 kwa bahati, wala kwa kukanyaga mafuta. Anamaliza kwa sababu gari limeandaliwa vizuri, na dereva anajua mwisho wa uwezo wake uko wapi.

Volvo ya mtumba

Mwaka 1965 Joginder, akiwa na umri wa miaka 33, aliingia katika Safari na mdogo wake Jaswant kama msaidizi wake. Gari lao lilikuwa Volvo PV544. Halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mbio na timu ya kiwanda, na ndugu hao walilichukua likiwa mtumba, wakaliandaa upya.

Hata muundo wenyewe ulikuwa wa kizamani. PV544 ilikuwa toleo lililoboreshwa la PV444, gari ambalo Volvo ilianza kulikabidhi kwa wanunuzi mwaka 1947. Umbo lake la mgongo wa mviringo lilikuwa limepitwa na wakati, na mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza. Kwa macho ya mpita njia, hilo lilikuwa gari la kustaafu.

Fundi hutazama vitu vingine. Bodi ya PV544 ilikuwa kipande kimoja kigumu, bila chesisi ya kutenganishwa. Mbele kila gurudumu lilisimama peke yake kwa springi za koili, na nyuma ekseli nzito ilibebwa na koili pia. Injini yake ya B18, yenye ujazo wa lita 1.8 na mitungi 4, ilikuwa na beringi kuu 5 za kushikilia krankshafti, jambo lililoifanya ivumilie kazi ya muda mrefu. Kiwanda hichohicho kilianza mwaka 1959 kuweka mkanda wa usalama wa pointi 3 katika magari yake, na PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza duniani kuwa nao.

Kwa hiyo msingi ulikuwepo. Kazi ya kuandaa gari la Safari katika miaka ile ilikuwa kuulinda msingi huo na kuondoa udhaifu uliojulikana. Chini ya injini iliwekwa bamba la chuma kuzuia mawe. Shokapu na springi zilifungwa imara zaidi, mabomba ya breki na ya mafuta yalipitishwa mahali ambapo jiwe haliyafikii, na taa ziliongezwa kwa ajili ya usiku. Boliti zote zilikaguliwa. Nguvu za injini ziliongezwa pia, lakini si kwa kiasi cha kuifanya ife kabla ya safari kwisha.

Ndugu hao walishinda, wakiwaacha waliowafuata kwa zaidi ya saa nzima. Joginder akawa dereva wa kwanza wa asili ya Kiasia kushinda Safari. Nchi ya Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu ya uhuru, na fundi wa nyumbani alikuwa ameshinda wageni wenye magari mapya kwa gari ambalo wengine walikuwa wamemaliza kulitumia. Jina la Simba wa Kenya likaanza kuvuma, na magazeti ya nje yakamwita Msingasinga Anayeruka.

Injini ndogo yamshinda mkubwa

Ushindi wa pili ulikuja mwaka 1974, Joginder akiwa na miaka 42. Safari hii alikuwa na Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, na msaidizi wake alikuwa David Doig. Lancer ilikuwa gari dogo na jepesi lenye injini ya lita 1.6. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, akiendesha Porsche 911 yenye nguvu kubwa zaidi.

Mwaka ule mvua ilikuwa kubwa na barabara zilikuwa mbaya mno. Katika hali kama hiyo nguvu nyingi hazina pa kushika. Gari jepesi huzama kidogo, huchosha breki kidogo na hupiga miguu yake kidogo linapoingia shimoni. Ushindi huo ndio uliokuwa wa kwanza kwa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa mbio za magari.

Mwaka 1976 Joginder alirudia kazi hiyo kwa gari la aina ileile, na safari hii Lancer zilichukua nafasi zote 3 za kwanza. Hakuna dereva aliyekuwa amefikisha ushindi mara 3 kabla yake. Baadaye Shekhar Mehta, Mkenya aliyezaliwa Uganda, alimpita kwa kushinda mara 5.

Joginder alishiriki hadi mwaka 1980. Alifariki dunia London mwezi Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Fedha iende wapi kwanza

Mwenye gari la zamani Ufipa hashindanii kikombe. Anataka kufika Tunduma na kurudi siku hiyohiyo, au kushusha gunia za mahindi bondeni na kupandisha mchele na samaki. Hata hivyo, mpangilio wa kazi ni uleule uliomfaa fundi wa Kericho. Kwanza kinachosimamisha gari, kisha kinacholishika barabarani, halafu kinacholipoza, na mwisho kinacholisukuma.

Breki ndizo za kwanza kwa sababu ya hesabu rahisi. Mwendo ukipanda kutoka kilometa 60 hadi 90 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini kazi ya breki imeongezeka mara 2 na robo. Magari mengi ya zamani, Land Rover 109 ikiwamo, yana breki za dramu. Dramu ikipata joto sana hutanuka na kukimbia viatu vyake, na dereva huona pedeli ikienda chini bila gari kupungua mwendo.

Kwenye mteremko hali ni mbaya zaidi. Gari la tani 3 pamoja na mzigo, likishuka mita 900 kwa breki peke yake, huzalisha joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji baridi. Joto hilo lote huingia katika magurudumu 4. Ndiyo maana ni lazima kushuka kwa gia nzito tangu juu, injini ikisaidia kuzuia. Ndiyo maana pia kufunga breki za diski mbele, kuweka buta ya kusaidia pedeli na kubadili mafuta ya breki yaliyozeeka ni matumizi yanayotangulia injini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na yakichemka ndani ya bomba breki hufeli.

La pili ni miguu na usukani. Springi za bapa zilizolala, bushi zilizokwisha na shokapu zinazovuja hufanya gari lilale kwenye kona na kuruka kwenye matuta. Shokapu nzuri kazi yake ni kulibakiza tairi chini. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani. Kuongeza bapa za springi ili kubeba gunia zaidi ni kosa lililozoeleka, kwa kuwa gari likiwa tupu linakuwa gumu kama meza na linateleza kwa urahisi. Boli joinit na tai rodi zibadilishwe kabla ya kupimisha magurudumu, maana kupimisha gari lenye viungo vilivyolegea ni kutupa fedha.

Tairi zenyewe zitazamwe kwa makini, hasa za mtumba. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye kashata nzuri lakini mpira mzee inaweza kupasuka kwenye lami yenye joto. Tairi za radiali hushika lami vizuri kuliko zile za zamani za nyuzi zilizokatizana, ila aina hizo 2 zisichanganywe katika gari moja. Kufunga tairi pana kupita kiasi hufanya usukani kuwa mzito na huongeza mzigo kwenye beringi.

La tatu ni kupoza. Rejeta isafishwe, mfuniko wake wenye presha uwe mzima na feni ivute inavyotakiwa. Katika mwinuko wa Ufipa mfuniko mbovu peke yake unatosha kuchemsha injini nzima isiyo na kosa lingine.

Baada ya hayo ndipo zamu ya injini inafika, na hapo pia kuna mtego. Land Rover 109 inayopiga kelele ikifika kilometa 80 kwa saa si lazima iwe na injini dhaifu. Difu zake zina uwiano wa takriban 4.7, maana yake shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara 1. Uwiano huo ulifaa shamba na mlima. Ukifunga injini mpya yenye nguvu na kuacha difu hizo, utapata kelele ileile na bili kubwa zaidi ya mafuta. Kubadili difu kwa zenye uwiano mdogo, au kuongeza gia ya mwendo wa barabara kuu, kunaweza kumaliza tatizo. Lakini gari linalobeba mzigo mzito mlimani kila wiki liachiwe difu zake za asili, na mwenyewe akubali kwenda taratibu kwenye lami.

Anayebadili injini akumbuke uzito. Injini ya dizeli iliyo nzito kuliko ya awali hukandamiza springi za mbele na kuongeza kazi ya breki za mbele, hivyo kurudisha swali lilelile la mwanzo. Injini yenye nguvu zaidi hupeleka mzigo kwenye klachi, giaboksi na ekseli ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Aidha, namba ya injini imo katika kadi ya gari, na mabadiliko yanapaswa kuripotiwa Mamlaka ya Mapato. Gari ambalo kadi yake hailingani na injini ni shida siku ya kuuza, siku ya ajali na siku ya kudai bima.

Hesabu ya mwisho

Kiuchumi, gari la zamani lina faida moja kubwa: bei yake ya kununulia ni ndogo au ilikwisha kulipwa zamani. Hasara yake ni siku linapolala gereji. Mahindi ya Ufipa huvunwa kwa wakati mmoja, na anayechelewa kufika sokoni kwa sababu ya tai rodi hukuta wenzake wameshauza. Kwa hiyo matumizi yanayopunguza siku za gari kulala yana faida ya haraka kuliko yale yanayoongeza mwendo.

Njia bora ni kugawa kazi kwa misimu. Mkulima anaweza kutengeneza breki baada ya mauzo ya mwaka huu, miguu na tairi baada ya mwaka ujao, na injini mwisho, ikiwa bado ataona inahitajika. Wengi wakifika hapo hugundua kwamba gari limebadilika kiasi cha kutohitaji injini nyingine. Linabeba kona kwa utulivu, linasimama linapoambiwa, na mwendo wa wastani wa safari umepanda bila kuongeza hata nguvu moja ya farasi.

Joginder Singh hakuwa na fedha za kiwanda mwaka 1965. Alikuwa na gari ambalo wengine walilimaliza, ndugu aliyemwamini, na uzoefu wa miaka mingi chini ya magari. Alijua kitakachokatika kabla hakijakatika, akakishughulikia hicho kwanza. Katika gereji za Sumbawanga kazi hiyo inaweza kuanza leo, kwa kuliweka gari juu ya jeki na kuvua magurudumu yote 4 kabla ya mtu yeyote kufungua boneti.